UZI: Sebule ya futi 12 kwa 14, mke na mume wanaifanya wenyewe. Vipimo, vifaa na makosa yanayoharibu kazi

#1 MwikoNaTimazi

Wakuu, maswali ya sebule yanakuja humu vipandevipande, leo rangi, kesho pazia, keshokutwa TV. Tuyaweke kwenye uzi mmoja na kwa sebule moja ya mfano, ili anayetaka kuanza Jumamosi na mwenzake awe na hesabu mkononi.

Chukua nyumba ya kawaida ya Dar: tofali za saruji za inchi 6, lipu ndani, sebule futi 12 kwa 14, ukuta futi 9 kwenda juu, milango miwili ya mita 0.9 kwa 2.1, madirisha mawili ya mita 1.5 kwa 1.2. Kwa mita chumba ni 3.66 kwa 4.27, mzunguko 15.86. Zidisha kwa 2.74 unapata mita za mraba 43.5. Toa milango na madirisha 7.4, unabaki na 36. Dari ni 15.6. Andikeni namba hizi kwenye karatasi kabla hamjaenda dukani, maana muuza rangi asipopewa kipimo atawauzia ndoo nzima ya lita 20.

Nasisitiza jambo moja: pesa na muda viishie ukutani kwanza, rangi baadaye. Rangi ya bei kali juu ya ukuta wenye vumbi inabanduka sawasawa na ya bei chee. Kabla ya kununua chochote fanyeni vipimo vitatu.

Cha kwanza ni kiganja. Pitisha mkono mkavu ukutani. Ukitoka na unga, rangi ya zamani imechoka na haiwezi kushika kitu juu yake.

Cha pili ni tepu. Chora alama ya msalaba kwa wembe hadi ufike lipu, bandika tepu ngumu, ivute kwa mkupuo. Ikitoka na vipande vya rangi, eneo lile lote likwanguliwe kwa skrepa.

Cha tatu ni nailoni. Bandika kipande cha nusu mita kwa nusu mita, ziba pembe zote nne kwa tepu, acha saa 24. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa, na dawa yake ni kufungua madirisha na kusogeza kabati lililobana ukuta.

Msiruke hicho cha tatu, hasa mkiwa mmetoka kwenye masika.

#2 Goba_Mpya

Mkuu, ukuta wetu unaopakana na bafu unatoa unga mweupe, na rangi imefura kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. Tumeshauriwa tupige puti ya jipsamu (ule unga wa kulainishia ukuta), kisha rangi ya mafuta ili izibe kabisa. Mke wangu anasema tusubiri kwanza. Nani yuko sahihi?

#3 MwikoNaTimazi

Shemeji yuko sahihi. Simamisheni hiyo puti.

Unga mweupe ni chumvi. Maji yakipita ndani ya tofali yanayeyusha chumvi iliyomo kwenye saruji, mchanga au udongo, yanaifikisha kwenye uso wa ukuta, yanakauka, chumvi inabaki. Ikiganda nyuma ya rangi inaisukuma, ndiyo maana rangi inafura malengelenge kabla ya kupasuka. Nyumba za pwani zilizojengwa kwa mchanga wa baharini huumia zaidi, kwa sababu chumvi ile hunyonya unyevu wa hewani hata pasipo bomba linalovuja.

Jipsamu ikilowa inalainika na kumeguka. Rangi ya mafuta nayo inaziba pale maji yalipokuwa yanapumulia, kwa hiyo yanapanda kutafuta pa kutokea. Alama iliyo kiunoni leo mtaikuta kifuani.

Tafuteni chanzo kwa mpangilio huu. Fungeni koki zote, someni mita ya maji, kaeni saa 2 bila kutumia tone, someni tena. Namba ikisogea, kuna bomba linalovuja. Mnaotumia tenki, wekeni alama ya usawa wa maji jioni, fungeni maji yanayoingia, tazameni asubuhi. Kisha kagueni bafu: saruji nyeupe kati ya vigae ikiwa imetoboka, maji ya kuoga yanaingia ukutani kila siku, na mita haitawaambia kitu kama ni bomba la maji machafu. Mwisho nendeni nje. Udongo au kibaraza vikiwa vimepanda juu ya usawa wa sakafu ya ndani, mvua inaingia moja kwa moja. Ardhi iwe chini ya sakafu angalau sentimita 15 na ielekee mbali na nyumba.

Chanzo kikishazibwa, bomoeni lipu hadi sentimita 30 juu ya alama ya mwisho ya unyevu. Acheni tofali wazi wiki 2 hadi 4, pangaboi likizunguka. Chumvi iondolewe kwa brashi kavu ya waya na vumbi lizolewe litoke nje. Msiioshe kwa maji, itayeyuka na kurudi ndani. Lipu mpya iwe saruji 1 kwa mchanga wa mto 4, pamoja na dawa ya kuzuia maji. Dawa nyingi za unga ni kilo 1 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, lakini someni paketi yenu. Pigeni mikono miwili, yaani tabaka mbili, jumla milimita 15 hadi 20, mmwagilie maji siku 7. Rangi isubiri siku 28. Lipu mbichi ina ukali unaounguza rangi, mtaona mabaka yaliyopauka hata kama dukani mmechagua rangi nzuri.

Kama bomba ni zima, bafu ni zima na nje ni salama, basi maji yanapanda kutoka msingini kwa kukosa nailoni juu ya msingi. Hiyo si kazi ya wikiendi ya watu wawili, iteni fundi mzoefu wa unyevu. Kwa sasa msiweke rangi ya mafuta pale.

Fangasi nyeusi ni jambo jingine kabisa, msiichanganye na chumvi. Jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 3, paka, acha dakika 20, sugua, futa, kausha. Vaeni glavu, fungueni madirisha, na jiki isikutane na siki wala dawa ya kusafishia choo, maana hutoa gesi ya sumu.

#4 Mvita_Chokaa

Naongezea kwa wenye nyumba za kale, Mji wa Kale Mombasa, Lamu, na Mji Mkongwe Unguja. Hesabu hizo za saruji msizitumie. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama nusu mita, na hupumua. Ukizivika lipu ya saruji na rangi ya plastiki, maji hunaswa ndani, kisha lipu hubanduka ikiwa imebeba vipande vya jiwe.

Tumieni chokaa 1 kwa mchanga 3, mkono mwembamba usiozidi sentimita 1, ukuta ukiwa umenyunyizwa maji kwanza. Juu yake piga maji ya chokaa mepesi kama maziwa, mikono 3 hadi 5, kila mmoja ukikauka usiku kucha. Mkono wa kwanza utaonekana kama hakuna ulichopaka. Msiongeze uzito, weupe waja chokaa ikikauka. Mkiipiga nzito itapasuka na kuacha unga kwenye nguo. Miwani ni lazima, chokaa huunguza macho.

Na mkiwa na vidaka (vishubaka vya ukutani), yaani zidaka kwa Kilamu, msitoboe ukuta kutafuta shelfu. Visafisheni, wekeni taa ndogo ndani, sebule imepata pambo lake. Lamu iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001 na Mji Mkongwe tangu 2000, kwa hiyo ukigusa nje ya nyumba au umbo la jengo omba kibali kwanza.

#5 BrashiYaInchiTatu

Ahsanteni. Nachukua sehemu ya puti na rangi, ukuta ukiwa mkavu.

Vifaa vya watu wawili: skrepa 2, bapa pana la puti la sentimita 25 hadi 30, msasa namba 120, 180 na 220, brashi ya inchi 2 na ya inchi 3, rola ya inchi 9 yenye manyoya ya milimita 10, fimbo ya rola, trei, ndoo tupu ya lita 20, tepu ya karatasi roli 3, barakoa za vumbi, shuka chakavu. Shuka litandikwe juu ya nailoni. Nailoni peke yake inateleza, na aliye kwenye ngazi ndiye anayeumia.

Puti: mfuko wa kilo 20 unatosha takriban mita za mraba 15 hadi 20 kwa mikono miwili, hivyo kwa 36 nunueni mifuko 2 hadi 3. Unga unamiminwa kwenye maji, si maji kwenye unga, la sivyo mtapata madonge yasiyovunjika. Changanyeni kiasi cha kumaliza ndani ya nusu saa. Ikianza kuganda msiongeze maji, itupeni, maana iliyozimuliwa huwa dhaifu na hubanduka na rangi. Mkono wa kwanza wima, wa pili ulale, kila mmoja milimita 1 tu.

Msasa 180 kisha 220. Mmoja asugue, mwingine ashike tochi ikiwa imebanwa ukutani imulike kwa pembeni. Mwanga wa pembeni unaonyesha kila mchirizi ambao macho ya mchana hayauoni. Hapo ndipo watu wawili wanapozidi mmoja.

Kisha vumbi. Futeni ukuta wote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, mkianzia juu, mkisuuza mara kwa mara. Rangi inayobanduka kama ngozi, ikiwa na unga mweupe mgongoni, ilipakwa juu ya vumbi la msasa au puti haikupewa praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha. Sababu ni hizo mbili, na zote zinazuilika kwa nusu siku.

Praima: mita 36 kwa wastani wa mita 9 kwa lita ni lita 4, yaani galoni 1. Rangi ya maji ya silki mikono miwili: 72 kwa 10 ni lita 7.2, galoni 2. Dari nyeupe isiyong'aa mikono miwili: 31 kwa 10, galoni 1. Galoni mbili za rangi iliyochanganywa dukani zimiminwe kwenye ndoo moja na kukorogwa kabla ya kuanza. Mashine ya kuchanganya haitoi rangi sawa kabisa kila mara, na tofauti utaiona katikati ya ukuta, mahali pabaya kuliko pote. Maji ya kuzimulia yasizidi kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, mara nyingi asilimia 10 kwa mikono ya mwisho.

Mpangilio ni dari, kuta, mwisho fremu za milango. Mwenye brashi anakata kingo kwa upana wa sentimita 5 hadi 7 kwenye dari, pembe na soketi. Mwenye rola anamfuata. Mwenye brashi asitangulie zaidi ya mita moja na nusu. Akizunguka chumba chote kwanza, kingo zitakauka kabla rola haijafika, na mtabaki na fremu ya rangi iliyokolea kuzunguka kila ukuta. Hili ndilo kosa la kila nyumba ninayoiona imepakwa na wenyewe.

Zimeni pangaboi wakati wa kupaka, washeni mkimaliza. Anzeni saa moja asubuhi kwa ukuta usiopigwa jua. Rola ipite upana wa mita 1, kutoka juu hadi chini, mipito ya mwisho iende upande mmoja, kisha muachane nao. Kurudi kusahihisha sehemu iliyoanza kukauka kunachuna. Kati ya mkono na mkono saa 3 hadi 4, siku za mvua hata saa 6. Tepu ivuliwe rangi ikiwa bado haijakauka kabisa, kwa kuikunja nyuma taratibu.

#6 Goba_Mpya

Na ule ukuta mwingine wa zamani una rangi ya mafuta inayong'aa. Rangi ya maji itashika?

#7 BrashiYaInchiTatu

Haitashika juu ya mng'ao. Osheni mafuta kwa maji ya sabuni ya unga, suuzeni, sugueni kwa msasa 120 wenye maji hadi ukuta ufifie wote, kisha praima inayoshika juu ya rangi ya mafuta. Msasa uwe wa maji kwa sababu rangi za mafuta za miaka ya nyuma zinaweza kuwa na madini ya risasi. Vumbi lake lisipumuliwe, watoto na mjamzito wasiwepo, na matope ya msasa yafutwe kwa vitambaa vitakavyotupwa.

#8 Pazia_na_Ringi

Hongereni kwa uzi. Naweka pazia, kwa sababu ndipo sebule ndogo inapopata au kupoteza kimo.

Bomba lipite dirisha sentimita 20 kila upande na likae sentimita 15 juu ya fremu, au karibu na dari kama kuna nafasi. Pazia likifunguliwa litaegemea ukuta, dirisha libaki wazi lote. Dirisha la mita 1.5 linahitaji bomba la mita 1.9. Kitambaa ni mara mbili ya hapo, mita 3.8, ongeza upindo, nunua mita 4. Vitambaa vingi vya pazia vina upana wa mita 2.8, na upana huo unasimamishwa kuwa urefu wa pazia, hivyo hakuna kuunga katikati. Madirisha mawili ni mita 8. Kitambaa kinachonywea kiloweshwe na kupigwa pasi kabla ya kukata.

Kila upande una mita 1.9 baada ya upindo. Ringi 12, umbali sentimita 16 kati ya moja na nyingine, zinabaki 7 kila mwisho. Namba iwe shufwa siku zote. Ikiwa witiri, kingo moja inatazama chumbani na nyingine ukutani, na pazia halikai sawa hata likinyooshwaje. Pindo la chini liishie sentimita 1 juu ya sakafu. Likiburura litabeba vumbi na maji ya dekio.

Bomba la mita 1.9 lenye kitambaa kizito liwekewe kishikio cha tatu katikati, la sivyo linapinda.

#9 WayaNaBreka

TV na taa.

TV ya inchi 55 ina mshazari wa sentimita 140. Kukaa mbali mara 1.5 ya hapo ni mita 2.1, kwa hiyo sebule hii inaimudu. Katikati ya kioo iwe usawa wa macho ya aliyekaa, kama sentimita 105 hadi 110 kutoka sakafuni. Wengi wanaitundika juu kama ya mgahawani, shingo zinauma.

Pimeni matundu ya nyuma ya TV kabla ya kununua breketi. Vipimo vya kawaida ni milimita 200 kwa 200, au 400 kwa 400. Msitoboe juu, chini wala pembeni ya soketi na swichi kwa mstari ulionyooka, nyaya hupita humo. Zimeni sakiti ya soketi za ukuta huo, na drili iungwe kutoka chumba chenye sakiti nyingine.

Breketi nzito inataka fisha (plagi ya kushikilia skrubu ukutani) namba 10 na skrubu ya milimita 8 yenye urefu wa 60 hadi 70. Bandika tepu kwenye kekee ya drili kuonyesha kina. Lipu inakula milimita 15 hadi 20 za kwanza na haibebi kitu, fisha lazima iishie yote ndani ya tofali. Anzeni na kekee ndogo ya 6, kisha 10. Vumbi litolewe tunduni, fisha iliyolala juu ya vumbi inazunguka. Mmoja atoboe, mwenzake ashike pima maji, kile kifaa cha kuonyesha usawa. Kwa tofali zenye matundu, fungeni kwanza ubao wa plaiwudi wa milimita 18 kwa skrubu 8 hadi 10 zilizosambazwa, breketi ikae juu ya ubao.

Mkanda wa taa za LED nyuma ya TV au kwenye dari ya jipsamu: someni wati kwa mita. Mkanda wa wati 4.8 kwa mita ukiwa mita 5 ni wati 24. Gawa kwa volti 12, ni ampea 2, chukueni adapta ya ampea 3. Ule wa wati 14.4 ni wati 72, ampea 6, adapta iwe ya 8. Adapta inayofanya kazi hadi mwisho wa uwezo wake inaungua mapema. Mkanda ukizidi mita 5 mwisho wake unafifia, kwa hiyo leteni umeme kutoka pande zote mbili au katikati.

Kuongeza soketi mpya au kuchimba ukuta kupitisha waya ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Soketi zinataka waya wa milimita za mraba 2.5, taa 1.5. Msichukue umeme wa soketi kutoka kwenye waya wa taa.

Jambo la mwisho kwangu: balbu za 6500K (mwanga mweupe wa baridi) hufanya rangi ya krimu ionekane imepauka. Chagueni balbu kwanza, 3000K au 4000K zenye mwanga wa joto zaidi, kisha pakeni jaribio la nusu mita kwenye kuta mbili na mlitazame saa sita mchana na saa mbili usiku. Mkibishana wawili juu ya rangi, bishaneni mbele ya jaribio hilo. Kadi ya dukani haioneshi kitu.

#10 Kihonda_Kwetu

Je, wolpepa kwa ukuta mmoja wa TV? Roli ngapi?

#11 MwikoNaTimazi

Roli ya kawaida ni sentimita 53 kwa mita 10. Ukuta wa mita 4.27 unataka vipande 9. Kila kipande ni mita 2.74 na ziada ya sentimita 10, roli moja inatoa vipande 3, jumla roli 3. Maua yanayojirudia kila sentimita 53 au 64 bado yanawaruhusu vipande 3, lakini masalio hayapo, hivyo ongezeni roli ya nne na zote ziwe na namba moja ya toleo.

Kipande cha kwanza kifuate mstari wa timazi (uzi wenye uzito unaoning'inia wima), si pembe ya ukuta. Pembe za nyumba zetu mara chache zimenyooka, na kosa la milimita 5 mwanzoni litakuwa wazi kipande cha nane. Ile ya kujibandika yenyewe nisingeiweka kwenye ukuta wenye rangi ya kutoa unga, wala pwani kwenye ukuta ambao haujapita kipimo cha nailoni. Kingo zinafunguka.

#12 Goba_Mpya

Tumeelewa. Tutaanza na mita ya maji Jumamosi hii. Rangi itakayobaki tuihifadhi vipi?

#13 BrashiYaInchiTatu

Hamishieni kwenye chombo kidogo kinachojaa hadi juu, hewa ndiyo inayoikausha. Andikeni nje jina la rangi, namba ya mchanganyiko ya dukani, ukuta uliopakwa na tarehe. Kiwekwe ndani kivulini, si stoo ya bati. Na kipande cha puti kavu kifungeni pamoja nacho, mtakihitaji kwenye tundu la kwanza la msumari.